Kikohozi cha Mushamuka

Kasuku wa Zihindula anakohoa.
Ndiyo maana niliitwa Kadutu Jumatatu ile,
nikapanda vichochoro na kisanduku cha barafu begani,
watoto nyuma yangu wakidhani nauza maziwa ya baridi.

Zihindula mwenyewe, fundi cherehani, anakohoa:
kikavu, mara tatu, halafu kimya.
Na ndani ya tundu, juu ya kabati la vyombo:
kikavu, mara tatu, halafu kimya.
Nani kamwambukiza nani?
Au huyu ni mwanafunzi hodari tu
aliyekwisha kuiga cherehani, bawaba ya mlango,
na ugomvi wa majirani, pande zote mbili?

«Huyu si ndeke,» fundi akaniambia, «ni mutu ya hapa nyumbani.
Jina lake Mushamuka. Umushike na heshima.»

Nikamshika kwa taulo.
Ufito wa pamba kaakaani, kwenye ule mwanya uendao puani;
wa pili nyuma, heshima inapokomea.
Akaniuma kidole gumba, akanitukana kwa Kifaransa.
Nikaandika: manyoya yamesimama,
jicho la kushoto linachuruzika,
kinyesi kijani, kijani cha sombe.

Tunayemtafuta hakui kwenye sahani kama wenzake.
Huingia ndani ya chembe hai, hufunga mlango,
huzaliana gizani.
Basi hatumtafuti yeye, twatafuta jina lake,
na mashine hulirudia jina hilo
mara mbili, mara nne, mara nane, kumi na sita,
mpaka mnong'ono uwe kelele.

Mzunguko wa ishirini na mbili, umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna, nami nikaguna nao.

Jumanne, hasi.
Jumatano, hasi, na fundi akachinja kuku kwa furaha.
Nikala, lakini nikamwambia: huyu ni kama mdaiwa,
leo yuko dirishani, kesho hayupo,
na nyumba ni ileile.
Alhamisi mstari ukapanda mapema, bila aibu.

Halafu njiwa.
Kila asubuhi Mushamuka hutupa nusu ya mtama wake chini,
na njiwa wa paa la kanisa hushuka kuuokota.
Tukatega wavu kabla ya misa ya kwanza:
njiwa arobaini, tisa wanaye.
Ziwani, kwenye nguzo za bandari, minandi walitutazama
wakianika mabawa, na wavu wetu haukuwafikia.
Wale sijui. Nimeandika hivyo: sijui.

Mkuu wa mtaa akauliza kama awatilie sumu.
Nikasema hapana. Funikeni chakula.
Loweni tundu kwa maji kabla ya kufagia,
maana vumbi ndilo gari lake.
Fundi apelekwe kituo cha afya, leo, si kesho,
na aseme wazi kwamba anafuga kasuku.
Ndege dawa siku arobaini na tano, ndani ya uji.

Siku ya arobaini na sita nilirudi.
Fundi alikuwa anashona sare za shule, kifua chake kimya.
Mushamuka alinitazama kwa jicho kavu,
akapiga mlio wa glovu ikivutwa, pwa,
kisha akaniuliza, kwa sauti yangu mwenyewe,
«Unakohoa tangu lini?»

Nikacheka.
Nikakohoa, mara tatu.
Nikaanza kuhesabu siku.