Ungo wa Nyanzala

Alikuja Jumanne, bila kupiga simu,
binti mwenye begi la mgongoni na raba nyeupe,
akasimama pale kwenye mchanga ninapoanika dagaa,
akasema, "Shikamoo. Mimi ni Shija."

Kana kwamba mtu anaweza kulisahau jina lile.
Kwetu Shija hazaliwi peke yake:
lazima watangulie wawili, Kulwa na Doto,
ndipo yeye afuate, jina likimshika mkono.
Kila anayemwita, sokoni, darasani, hospitalini,
anawaita na wale pasipo kujua.
Na baada ya Shija huja Kashinje.
Kashinje alikuwa na miezi saba tumboni mwa Nyanzala
usiku ule.

Miaka kumi na minane nimeliandaa jibu.
Nimelisema nikipara sato, nikifua, nikisali,
nikilibadilisha kidogo kila mwaka
kama mtu anayeuhamisha mwiba ndani ya nyama:
Nilikuwa na watoto wadogo. Mume wangu alikuwa ziwani.
Nilidhani ni walevi. Mbwa hubweka kila usiku Kayenze.
Yote kweli. Lakini kweli nazo
ukizipanga mlangoni huwa komeo.

Nikamwekea kigoda kando ya jiko.
Nikangoja.

Akauliza, mama alikuwa akitumia mkono gani?
Wa kushoto, nikasema. Hata kusonga ugali.
Mama mkwe wake alinuna mpaka akazoea.
Akacheka, akaunyanyua mkono wake wa kushoto,
akautazama kama barua iliyokawia posta.

Kicheko chake? Kifupi, kilianzia puani.
Na baba, aliimba? Masatu? Hapana, alipiga mluzi,
vibaya, akirudi na nyavu begani,
pacha wakimkimbilia kugombea kasia.
Akaandika yote kwenye daftari, hata bei ya sato mwaka ule.

Hakuuliza waliokuja walikuwa wangapi.
Hakuuliza kama ilikuwa kiwanja au deni la injini
(mahakamani walisema vyote viwili,
na mmoja wao amekwisha kurudi, anauza mkaa Igombe).

Nikaleta ungo.
Nyanzala aliniazima mchana wa siku ile, nipepete mchele,
akasema, "Kesho asubuhi nirudishie, usinilaze njaa."
Ukingo nimeushona mara tatu. Katikati nimesuka upya.
Sijui tena kama ni ungo wake au ni mikono yangu tu.
Shija akaunusa. Akanirudishia.
"Nimepanga chumba kimoja Nyakato," akasema,
"sina pa kuuning'iniza."

Bodaboda iliyomleta ikapiga honi.
Tukapitia nyuma, kwenye yale majabali mawili,
kwenye ule mwanya wa mbuzi kukimbilia mvua,
alimojibana mpaka asubuhi, mtoto wa miaka sita,
nilipomtoa kwa mkono huu, magoti yamekunjika
hayataki kunyooka.

Akaweka kiganja juu ya jiwe. Akasema bila kunigeukia:
"Nilikuwa naisikia redio yenu.
Salamu za wasikilizaji. Mtu wa Magu
alimsalimu shemeji yake wa Nansio,
ujumbe: sisi huku wazima.
Halafu sauti ikaongezeka, nikasikia vizuri kabisa.
Nikajua kuna watu. Ndiyo maana sikulia."

Magugu yalikuwa yamesogea mpaka ufukweni,
hakuna aliyekuwa akiyaondoa.
Nilifungua mdomo.
Mkono wangu, huu huu,
ulikumbuka kile kirungu cha plastiki kilichochakaa,
upande gani unazungusha kupunguza,
upande gani kuongeza.

Nikamfungia dagaa kilo mbili kwenye mfuko wa kaki.
Nikamwambia asiwaloweke sana.