Bahasha za Magamba

Katika droo ya jikoni, chini ya betri na uzi wa nyavu,
baba aliacha bahasha mia mbili na saba,
ndogo, za kaki, kila moja na mistari yake:
tarehe, mahali, uzito, urefu, chombo cha kuvulia.
Ndani, magamba matano ya samoni mmoja,
makavu kama kucha za mtoto.

Jovnna, mwana wa Ristiinná, hakuwa msomi.
Alikwangua gamba kwa ncha ya kisu,
akaliinua mbele ya taa: "Soma."
Nikasoma pete. Zilizobanana ni miaka ya mtoni,
njaa, barafu, umbo la kidole gumba.
Kisha ghafla zinaachana, pana, pana:
hapo ameonja chumvi.

Wapo wasemao mwacha asili ni mtumwa.
Huyu aliiacha Deatnu akiwa hajai kiganja,
akazurura bahari ya kaskazini miaka mitatu,
akarudi na kilo kumi na tatu za nyama
akinusa kokoto zilezile alikoanguliwa.
Mtumwa gani huyo?

Kama mpunga usivyo mchele, wala mchele si wali,
lugha yetu haimwiti kwa jina moja.
Diddi, kijana wa msimu mmoja baharini.
Duovvi, jike, tumbo zito kwa mayai.
Goadjin, dume la taya lililopinda kama kulabu.
Na vuorru, aliyekwisha kutaga,
akashinda baridi yote chini ya barafu bila kula,
akashuka na mafuriko ya Mei, kichwa kikubwa, mwili mkanda.
Huyo baba hakumgusa.
"Mwache apite. Ana deni baharini."

Sasa ni mwaka wa tano wa marufuku.
Mto una kingo mbili, kila ukingo na serikali yake,
na safari hii serikali zote mbili zimekubaliana:
msitupe wavu.
Sibishi. Nimeviona vilindi vilivyokuwa vikichemka
vimelala kama sahani iliyooshwa.
Lakini mashua ya baba, ndefu, nyembamba, ya msonobari na lami,
imepasuka kwa kiu, juu ya nyasi,
na shangazi Máret, aliyejua kusuka uzio wa matawi ya betula
hadi maji yenyewe yakaomba njia,
vidole vyake husuka hewa mbele ya runinga.
Samaki wakipungua, kuna watu wa kuhesabu, wana mashine.
Maneno yakipungua?

Wageni wamefika, samoni wa waridi, wenye vibyongo.
Hao tunaruhusiwa; hao tunalipwa kuwatoa.
Wasiotolewa hufa wote kwa wiki moja,
na harufu yao huingia hadi kwenye mapazia.
Dukani kuna mwingine, wa kizimba, ndani ya nailoni.
Mwanangu Biret-Elle, miaka sita,
alimnyooshea kidole: "Huyu ndiye wa babu?"
Nikalipia maziwa, tukatoka.

Jana, saa sita usiku, jua likiwa bado limekaa juu ya vilima
kama mgeni asiyejua kuaga,
tulishuka mtoni, mbu wakitufuata.
Tulikaa sana. Alishalala begani mwangu, nusu,
maji yalipofunguka, na kitu cha fedha
kikasimama hewani, kizima, kikaanguka.
"Duovvi!" alisema, macho wazi.
Au goadjin. Kwa umbali ule hata baba angebahatisha.

Zimebaki bahasha ambazo hazikuandikwa.
Nimechukua moja, kwa kalamu ya risasi kama yeye:
Tarehe, kumi na moja Julai.
Mahali, chini ya jiwe la Uula.
Uzito, haujulikani. Urefu, mikono ya mtoto iliyotanuliwa.
Chombo cha kuvulia: macho mawili, na mawili.
Ndani sikutia kitu.
Nimelamba gundi, nimeifunga,
nimeiweka juu ya zile mia mbili na saba,
na droo, kama kawaida yake, imekataa kufunga.