Bahasha ya Karanga

Siwatu, mtoto wa dada, kaja Kigogo na deli,
ndani karatasi laini, rangi ya maji ya wali.
"Mama mdogo, huu ni wanga wa muhogo
na mwani wa Bagamoyo.
Funga karanga zako humu.
Mtu akimaliza, aile."

Aile?

Miaka kumi na tisa nauza karanga hapa darajani.
Nimefunga kwa gazeti,
kwa daftari la darasa la tatu lenye vema na kosa,
nikaja kufunga kwa nailoni, fundo nakaza kwa meno.
Najua kila fundo langu lilikokwenda:
masika yakifika, mtaro hunirudishia mlangoni
kama mtoto anayejua kwao.

Nikafunga mia moja.

Wa kwanza Mkude, fundi magodoro.
Kaigeuza, kainusa:
"Njaa haijanifikisha kula mfuko."
Nikamwuliza, na sambusa ya asubuhi?
Ile si bahasha ya nyama,
pembe tatu, imegandishwa kwa unga?
Ulipomaliza ulitafuta pa kutupa?
Akacheka. Hakula.
Akaitia mfukoni pamoja na chenji.

Saa saba jua likashuka mezani,
bahasha zikashikana kama ndugu kwenye mirathi.
Sisimizi wakapata habari kabla ya wateja.
Na mama mmoja, msafi, kanga mbili zimenyooshwa pasi,
akaniuliza bila ubaya:
"Kifungio kikiwa chakula, chenyewe kifungwe na nini?"
Sikuwa na jibu.
Siwatu naye hakuwa nalo;
aliandika swali, akalipigia mstari mara mbili.

Jioni akaja Shomvi wa nyumba ya tatu,
na mia mbili yake imelowa kiganjani.
Karanga akazimwaga kwenye fulana,
akala bahasha, kona baada ya kona,
akalamba vidole, akaninyooshea mkono:
"Bibi, nipe nyingine. Isiyo na karanga."

Usiku mvua. Asubuhi mtaro umetapika:
chupa, ndala ya kushoto,
fundo langu la mwaka juzi, bado limekaza, meno yangu yale yale.
Na arobaini nilizosahau juu ya meza
zimekuwa uji,
karanga zimevimba ndani yake,
kuku wa jirani anadonoa, anainua shingo, anameza.

Elfu nane, hasara.
Nikahesabu tena, polepole,
nikimtazama yule kuku.