Pigo la Nne

Signe yuko dirishani, ameshika karatasi,
Rønne imo thelujini, kalamu ni ya risasi,
"Ove," kaandika chini, kisha kafuta upesi:
Gonga tena, gonga tena, nyundo ndiyo mizaniye.

Ove alichonga mawe ya makaburi na shule,
Hakutaka asifiwe, siku zote kimya kile,
Jirani wasielewe ana nini mtu yule:
Gonga tena, gonga tena, nyundo ndiyo mizaniye.

Sisi kwetu ni mizani, kwa vidole, nane nane,
Kidenmaki, sikioni kuna mikazo minne,
Mapigoye kiwandani: manne, kisha manne.
Gonga tena, gonga tena, nyundo ndiyo mizaniye.

Lugha yao jiwe ni *sten*, neno fupi, neno zito,
Mfupa, mguu, ni *ben*, vina vyaitana wito,
Ila "tena" kwao, *igen*, sikioni ni kokoto.
Gonga tena, gonga tena, nyundo ndiyo mizaniye.

Dagny, nduguye, kasema, "Mbona warudia neno?
Mara tatu, kama homa, kama kuumwa na jino!"
Signe kimya, akahema, kamwonyesha kwa mkono:
Gonga tena, gonga tena, nyundo ndiyo mizaniye.

Pigo la kwanza lapaa, la pili jiwe lacheka,
La mia, chuma chang'aa, mkono watetemeka,
Kisha moja linakaa, uso wote wafunuka.
Gonga tena, gonga tena, nyundo ndiyo mizaniye.

Sanamu ya mwisho: binti, macho makali ya mwewe,
Mguu mmoja, buti; mmoja bado ni jiwe.
Februari, katikati, nyundo chini, na mwenyewe.
Gonga tena, gonga

Hapa Signe aliacha mstari mtupu.
Dagny alidhani karatasi imechanika.

Usiku kahesabia: mshororo una tatu,
La nne limepotea, si mezani, si kwa mtu,
Akataka kulitia, kaliacha: pengo letu.
Gonga, gonga, gonga. Kimya.

Aprili, uani mwake, kalisoma polepole,
Binti na mguu wake kasimama vilevile,
Dagny, ulimini mwake, akashika neno lile:
"*Igen*," akasema, "*igen*." Nyundo ndiyo mizaniye.