Hasi Kwanza

Gari la Shekuwe liko Mokowe, ng'ambo,
chini ya bati la Hiribae mlinzi,
shilingi hamsini kwa siku.
Sisi tuko huku Langoni, ambako njia
haiwatoshi punda wawili wenye mizigo.
"Huna barabara, una gari," dada yangu husema.

Alilinunua kwa ajili ya figo zake:
Mombasa na kurudi, Mombasa na kurudi,
mpaka zikakataa safari.
Baada ya arubaini nikavuka kulitazama.
Nikatia ufunguo, nikazungusha.
Tk.
Tk.
"Halina moto," akasema Hiribae,
nami nikatazama upande wa mikoko
kama mtu aliyeitwa.

"Betri hujila," fundi Kupi akanieleza,
amechuchumaa, mswaki mkuukuu mkononi.
"Gari likilala, halilali lote.
Saa ya dashibodi inakula.
Kengele ya wezi inakula.
Redio ina kumbukumbu zake, nazo zinakula.
Siku ishirini za hivyo, kwisha."
Nikamwambia nalijua hilo.
Akadhani nimesomea magari.

Akamimina maji ya moto juu ya vichwa vya betri,
ile chumvi ya kijani ikatoa povu, ikashuka,
risasi ikang'aa. Akapaka grisi kwa kidole.
Akanipa spana namba kumi.
"Hasi kwanza, mama. Ukitoa, hasi kwanza.
Ukirudisha, hasi mwisho.
Ukipindua, utaona cheche."
Niliandika nyuma ya kadi ya kliniki ya Shekuwe,
karatasi iliyokuwa karibu.

Jambo ambalo Kupi hakuniambia
ni kwamba ukitoa hasi, redio husahau.
Stesheni aliyoitega kwa miaka minne,
ya habari za alfajiri,
sikuikuta tena. Mvumo tu.

Basi kila Alhamisi, boti la saa mbili,
spana na tasbihi ndani ya mkoba mmoja.
Naliwasha kwa kunyoosha mkono
kutoka kiti changu, cha abiria.
Nakaa robo saa, linanguruma,
kiti cha pili kinatetemeka peke yake.
Nikifika nyumbani buibui inanuka petroli.

Kupi akanikuta.
"Unachoma mafuta bure. Likisimama hivi
halirudishi hata ule moto ulioliwasha.
Betri inataka njia. Nusu saa, mwendo wa kweli."
Sijui kuendesha.
"Basi liuze."

Alikuja mtu wa Mpeketoni na laki mbili na themanini.
Akapiga magurudumu teke, akauliza, betri vipi?
"Nzima," nikasema, na sauti yangu
ikapanda bei palepale.
Akaondoka.

Hiribae aliwahi kuendesha lori la pamba.
Ana mkono mzito na subira ya lori.
"Klachi, mama. Klachi. Klachi!"
Gari likaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto,
likazima,
likawaka tena. Betri ilikuwa nayo.
Miaka hamsini na minane, gia ya kwanza,
mpaka niliposahau kuogopa gia ya pili.

Leo nimefika Hindi.
Sikuzima injini. Nilinunua mahindi ya kuchoma
mlango wazi, mguu mmoja ndani,
na muuzaji akaniuliza nakimbia nani.

Nimerudi, nimeliegesha pale pale.
Hiribae ameshika boneti, mimi nimelegeza nati.
Hasi kwanza.
Alhamisi ijayo nitakapoirudisha,
saa ya dashibodi itaanza upya, saa sita kamili,
kama kawaida yake.
Kitufe cha kuirekebisha nakijua kilipo.
Sikibonyezi.