Rafiki Yangu Ana Kipele

Kwanza huomba Panadol.
Kisha plasta. Kisha huuliza bei ya dawa ya mbu,
huku wakihesabu kwa pembe ya jicho watu waliobaki nyuma yao.
Mama mwenye mtoto akishalipa, akishatoka,
dirisha langu hapa Kayole hugeuka kiti cha maungamo:
"Dada… kuna rafiki yangu."

Ah, huyo rafiki!
Namjua kuliko ninavyomjua jirani wa ukuta kwa ukuta.
Jumatatu ni fundi wa kuchomelea vyuma,
Jumatano ni karani mwenye kucha za rangi ya zambarau,
Jumamosi saa mbili usiku ni mwanakwaya, joho bado mkononi,
na kila akija ana kipele
pale.

Pale wapi?
Kidole huelekea sakafuni.
Lugha yetu yenyewe ilishafunga mlango:
sehemu za siri, ikasema, ikaondoka na ufunguo.
Na siri ukiifungia gizani na simu yenye bando,
kufika saa nane za usiku imeshakuchagulia jeneza.

Basi nauliza, sauti chini, kama anayepima sukari:
Rafiki yako alinyoa lini?
Kwa wembe upi? Ule ule wa mwezi jana
uliolala bafuni ukishika kutu?
Huvaa nailoni ya kubana, kutwa kucha,
juu ya kiti cha pikipiki kilichochemka kwa jua la Februari?
Na sabuni je, amebadilisha? Ile yenye harufu ya waridi?

Mara nyingi ni unywele tu.
Ulikatwa, ukajikunja kwa aibu,
ukaota kuelekea ndani
kama mlevi aliyekosea mlango.
Mara nyingine ni tundu la ngozi lililoziba,
au paja kusuguana na paja, mshono kusuguana na ngozi.
Na viko vile vidogo, vya tangu ujana,
vimejipanga kama shanga, haviumi, havidai kitu,
ila mwenyewe ndiyo kwanza ameviangalia kwa kioo.

Kitambaa safi, maji ya uvuguvugu,
dakika kumi, mara tatu kwa siku.
Chupi ya pamba. Wembe upumzike.
Na asikamue.
Mwambie rafiki: asikamue.
Wala dawa ya meno, wala spiriti,
wala ile krimu isiyo na jina inayouzwa kandokando ya barabara.

Ila kikifunguka kidonda, kikija na malengelenge,
kikivimba, kikichoma, homa ikafuata,
au wiki mbili zikapita nacho hakijapungua,
au kama amelala na mtu na moyo hautulii,
hapo dirisha langu ni dogo.
Aende zahanati, akae kwenye benchi na wengine,
na akiitwa ndani aseme "mimi".

Mficha uchi hazai, walisema wahenga.
Hawakusema aliyeufichua
kesho yake anunue vipi maziwa kwa jirani.

Nami nina haki gani ya kucheka?
Mwaka juzi, Julai, baridi ya kukunja vidole,
kilinitokea kimoja, kando ya kinena.
Mimi Kerubo, diploma ukutani,
rafu tatu za marashi ya ngozi nyuma ya kichwa changu,
nilifunga duka saa kumi na moja
nikatembea hadi Umoja, mahali wasiponijua.
Nikaomba Panadol.
Nikaomba plasta.
Bwana mmoja mwenye kofia ya sufu
alitafuta sarafu mifukoni mwake karne nzima.
Alipotoka, nikausikia mdomo wangu
ukisema, "Kaka… kuna rafiki yangu."

Kijana wa watu hata hakuinua macho.
Alivuta kalamu sikioni, akavuta kikaratasi.
"Alinyoa lini?"