Ukungu wa Jikoni

Kajaani, Januari. Jua huja saa nne asubuhi
na saa tisa limeshachoka.
Dirisha la jikoni lina vioo viwili,
katikati mama alitandaza pamba kuzuia baridi,
na kwenye ubao wake, juu ya bomba la joto,
vyungu vitano vya maua ya Paulo
(ndivyo tunavyoyaita huku),
majani yenye vinyweleo kama sikio la paka.

Mama alituachia nyumba moja, sisi wawili,
na kibanda cha ziwani kisichogawanyika.
Mimi nilitaka kiuzwe. Lempi hakutaka.
Miezi kumi na minne sasa tunapishana ukumbini
kama wageni wa hoteli.
Yanayobidi tunayaandika, tunayabandika kwenye friji:
Maziwa. Bili ya umeme. Nimebadilisha balbu.

Lakini maua nayamwagilia. Kila Jumapili,
Lempi akiwa kanisani, kikombe kimoja kila chungu.
Hilo sikuliandika popote.

Ndipo nikaona weupe.

Kwanza nilidhani chumvi,
ile mbolea ya chupa ya kijani.
Lakini chumvi hukwaruza, huvunjika chini ya ukucha kama ganda la yai.
Huu haukuvunjika. Ulilala.
Laini, kama ndevu za mvulana anayeanza kujiamini,
na ulinuka kama stoo ya viazi mwezi Mei.

Rauha wa duka la maua, miwani juu ya paji la uso,
hakuuliza habari za ugonjwa.
"Nani anamwagilia?"
"Mimi."
"Mara ngapi?"
"Mara moja kwa wiki."
Akachota udongo niliomletea ndani ya kopo la kahawa,
akaukamua. Tone likadondoka kaunta.
"Basi, Aarre, kuna mwingine."

Usiku wa Jumatano, saa saba, nilikaa gizani
kwenye kiti cha mama cha kubembea, nimebana pumzi na magoti.
Akaja na soksi, bila taa, na birika dogo.
Akamimina, hakuruka hata chungu kimoja,
akawa anayasemesha:
"Kunyweni, wanangu. Yule hakumbuki chochote."

Yule ni mimi.

Nikakohoa. Kikohozi hakifichiki, wanasema;
changu nilikitoa kwa makusudi.

Taa ikawaka. Nywele zake zimesimama kama ufagio.
Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo.
Akatazama chungu, akanitazama, akatazama birika,
nikaona hesabu ikifanyika usoni mwake
kama ilivyofanyika usoni mwangu pale kaunta:
moja na moja, udongo umelowa.

"Kijiko," akasema.
Neno la kwanza tangu Novemba ya mwaka juzi.

Nikampa kijiko. Akakwangua weupe, mimi nimeshika gazeti.
Tukamwaga maji yaliyotuama visahanini,
tukazibua matundu kwa msumari,
tukasogeza vyungu vipumue, visisongamane,
kisha tukanyunyiza juu mdalasini uliobaki Krismasi
hadi jikoni kote kukanukia mama.

Kitabu chake kinasema mmea huu asili yake ni Usambara,
huko milimani, umeng'ang'ania miamba ndani ya ukungu.
Ukungu uliulea huko;
huku ukungu nusura uuzike.

Kwenye friji sasa kuna karatasi moja tu:
Usimwagilie mpaka kidole kitoke kikavu.
Haikusema kidole cha nani.
Tunachovya vyote viwili, kwa zamu, tunabishana.

Machi, weupe ulirudi kwenye chungu cha tatu.
Lempi aliniita kutoka jikoni, kwa jina,
nikaenda na kijiko mkononi.
Kuhusu kibanda bado hatujakubaliana.